Landrova Iliyokufa Kila Ilipopona

Nimeona gari likifa mara tatu, na mara zote tatu lilikufa likiwa limetoka kutibiwa.

Si habari ya wachawi. Ingekuwa ya wachawi ningewaambia mapema, anayeogopa akafunga simu yake akalala.

Ilikuwa Nachingwea, mwaka 1983. Mliokuwepo mnaukumbuka mwaka ule. Sabuni ya kutafuta, sukari ya kutafuta, na mjini lilikuwa linazunguka neno moja tu: mhujumu.

Ukishaitwa mhujumu wa uchumi, hata jirani uliyekuwa unachota moto kwake asubuhi anapita njia ya nyuma.

Neno hilo ndilo lililotaka kumchukua mume wangu.

Mume wangu, Mbaruku, alikuwa dereva wa mradi wa kuchimba visima. Alikuwa na Landrova ya kijani, ya petroli. Ndiyo iliyopeleka mabomba na wachimbaji Ruangwa, Nkowe, mpaka Kilimarondo, ambako mtu akisema nimechelewa kwa sababu ya tembo, hakuna anayecheka.

Mimi nilikuwa napika chai na uji palepale karakana ya mradi.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na aliyekuwa akinirudisha kwenye herufi jioni ni Mbaruku. Anarudi na vumbi lake, ananawa, anakaa na mimi. Hajaniambia hata siku moja kwamba nina kichwa kigumu. Na kigumu kilikuwa.

Basi akaletwa Modestus.

Modestus alikuja kuwa fundi mkuu, katokea Dar es Salaam. Alikuja na cheti ndani ya fremu ya kioo, akakitundika juu ya makopo ya grisi. Kila asubuhi alikifuta vumbi.

Spana zake hakuzifuta.

Dharau kwake haikuwa hasira ya siku moja. Aliamka nayo, akala nayo, akalala nayo. Ukimpa kikombe anakipokea huku anaangalia pembeni. Jina langu hakulijua mpaka anaondoka. Nilikuwa "wewe wa sufuria".

Mbaruku alikuwa "usukani". Basi. "Muiteni usukani aje."

Siku moja usukani akaenda kumwambia, "Ndugu Modestus, taa nyekundu ya chaji inawaka nikipandisha mlima. Na asubuhi mkanda wa injini unalia."

"Unalia?"

"Unalia kama paka."

"Una msiba?"

Watu wakacheka. Mbaruku akacheka pia, ndivyo alivyo.

"Sikiliza," Modestus akasema. "Kazi yako kukata kona. Vinavyolia na vinavyocheka niachie mimi."

Mkanda hakuugusa. Hata kuuangalia hakuuangalia.

Niwaeleze kidogo, wasiojua magari wasije wakabaki njiani. Ndani ya gari kuna betri, na kuna kidude cha chuma kinaitwa alteneta. Mkanda unakizungusha injini ikiwaka, nacho kinatengeneza umeme wa kuijaza betri. Kikifa, gari linatembea kwa akiba ya betri mpaka akiba iishe. Kesho yake unasukuma.

Sasa Modestus alikuwa na jaribio lake. Alilipenda kuliko chakula.

Aliwasha gari, akafungua boneti, akaita watu wote. Wachimbaji, walinzi, mimi na sufuria yangu.

"Njooni muone elimu inavyofanya kazi. Hii hamtaiona tena maisha yenu."

Akachukua spana, akalegeza waya mkubwa wa betri huku injini inanguruma, akaunyanyua juu kwa vidole viwili.

"Injini ikizimika, alteneta mbovu. Ikiendelea, nzima."

Injini ikakohoa. Ikazimika.

"Maiti," akasema. "Funga nyingine."

Stoo ilikuwa imebaki moja tu. Ikafungwa. Akaita watu tena, akachomoa waya tena, na safari hii injini ikayumba kidogo halafu ikaendelea kunguruma.

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, na mikono yangu naionea haya mpaka leo.

Siku ileile Mbaruku akapewa safari ya Ruangwa. Mdogo wangu Fatu alikuwa amejifungua kule, nikaomba lifti, nikapewa. Tulifika salama. Lile gari halikukohoa hata mara moja.

Asubuhi yake, kimya.

Ukiwasha, inasema tik. Ukirudia, tik. Betri ilikuwa imekauka utadhani imenyonywa.

Vijana wa pale sokoni wakasukuma wee, jasho likawatoka, wakakaa. Ndipo akaja mzee mmoja anachechemea, amevaa shati lenye unga mabegani.

Huyo alikuwa mzee Ladislaus, fundi wa mashine za kusaga nafaka pale Ruangwa.

Hakuuliza nani kaharibu. Aliuliza, "Mmekunywa chai?"

Tukasema bado. Akatuma mihogo ya kuchemsha iletwe kwanza. Tulikula, yeye anaangalia injini, mikono nyuma.

Kisha akatoa mfukoni balbu ndogo ya taa ya breki yenye waya mbili. Akaugusisha waya mmoja kwenye betri, mwingine kwenye bodi ya gari. Balbu ikawaka rangi ya njano iliyochoka.

"Mama, njoo uione rangi hii," akaniambia. Mimi, siyo Mbaruku. "Ikumbuke."

Halafu akaona vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe. Akaomba maji ya moto. Nikakimbia kwa Fatu, nikarudi na birika. Akamwagia taratibu, ule ukungu ukaondoka, akakwangua, akafunga, akapaka grisi. Wakaazima betri ya trekta, gari likawaka, akaigusisha balbu tena.

"Haya, kanyaga mafuta kidogo," akamwambia Mbaruku. Kisha akanigeukia. "Mama, balbu imebadilika?"

"Hapana. Ileile, njano."

"Ingekuwa alteneta inafanya kazi, ingeng'aa zaidi. Umeshajua kupima chaji. Wengine wanasomea miaka."

Sijui kama mnaelewa alichonifanyia pale. Nilikuwa nimezoea kuitwa sufuria.

Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba. Ukazama ndani sana.

"Unatakiwa uzame kidogo tu, unene wa kidole. Huu umelegea, unateleza. Ndiyo maana ulikuwa unalia. Huu ndio ulikuwa ugonjwa wenu wa kwanza, huu na ule ukungu. Lakini huu wa sasa ni mwingine. Alteneta hii imeungua ndani. Nani alichomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka?"

Mimi na Mbaruku tukaangaliana.

"Fundi mkuu," Mbaruku akasema. "Huwa anachomoa kila akimaliza. Ndiyo kipimo chake."

Mzee akakaa chini juu ya jiwe. Hakucheka.

"Zamani magari yalikuwa na dainamo badala ya alteneta. Dainamo unaweza kuifanyia hivyo ikakuvumilia. Sote tulikuwa tunafanya. Hizi mpya hazitaki. Mama, umewahi kwenda mashineni kusaga?"

"Kila wiki."

"Unga unamiminika kwenye gunia. Sasa mashine inasaga kwa kasi, mtu akaja akaziba ule mdomo ghafla. Unga utakwenda wapi?"

"Utarudi ndani, uharibu mashine."

"Betri ndilo gunia."

Mimi sikuwa na cheti hata cha kubatizwa. Lakini nilielewa palepale, juani, na birika mkononi.

Mzee aliukaza mkanda, akatuonyesha tuukaze wapi ukilegea tena, akanipa ile balbu na nyingine ya akiba. Mbaruku akauliza tumpe nini.

"Mkipita tena, mnisalimie," akasema.

Tulirudi Nachingwea kwa betri ya kuazima. Mbaruku akamweleza Modestus kila kitu, kwa adabu, kofia mkononi.

Modestus alimsikiliza huku anakifuta cheti.

"Nani kakwambia hayo?"

"Mzee Ladislaus wa Ruangwa."

"Ana gereji?"

"Ana mashine ya kusaga."

Modestus akaita karakana nzima. "Jamani, njooni. Usukani amekwenda kusomea umeme wa magari kwenye pumba."

Walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Nikasema, "Ndugu fundi, si ungejaribu mara moja tu bila kuchomoa waya? Balbu hii inapima."

"Wewe wa sufuria," akasema, "ugali umeiva?"

"Umeiva."

"Basi ya kwako yamekwisha."

Kisha akaenda ofisini kwa mkuu wa mradi, Ndugu Dunstan, akafunga mlango. Alichosema mle ndani tulikijua jioni. Alisema alteneta mbili hazifi hivihivi. Alisema dereva anatoa betri usiku anaikodisha kwa wapiga muziki wa dansi, au anagusanisha waya makusudi ili gari lilale apumzike. Alisema hiyo inaitwa hujuma.

Dunstan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na mwaka ule woga ulikuwa unaandika barua nyingi.

Akamwita Mbaruku. "Nimeagiza alteneta ya tatu. Ndiyo ya mwisho, nyingine haipo. Hii ikifa mikononi mwako, nakukabidhi kwa askari. Sitakuwa na la kufanya."

Ilichukua miezi miwili kufika. Miezi miwili Landrova imelala juu ya magogo, na kule Kilimarondo wanawake wenzangu wanachota maji ya matope kwenye vidimbwi, wakipishana na wanyama.

Na miezi miwili watu hawanywi chai yangu. Wanasema wameshakunywa nyumbani. Wote walikuwa na sukari ghafla.

Aliyeendelea kunywa ni mlinzi mmoja, Teodosia, mwanamke mfupi mwenye rungu refu. Alikuwa akinywa vikombe viwili, cha pili akikinywa kwa shida, nikiona kabisa ameshiba. Sijamsahau.

Alteneta ikafika. Dunstan akataka ifungwe mchana kweupe, saa nne, mbele ya watu, na askari awepo. Askari akaja, anaitwa Shaban. Mbaruku akaambiwa asimame mbali, asiguse kitu.

"Akae," yule askari akasema. "Kusimama hakujaandikwa popote." Akamsogezea debe.

Modestus alivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Akafunga alteneta, akafunga mkanda, akawasha. Gari likaunguruma vizuri. Ile taa nyekundu ikazimika.

Nikaweka sinia chini.

"Ndugu Mkuu," nikamwambia Dunstan, "naomba nifunge balbu yangu hapo. Mume wangu hajagusa gari. Naomba ionekane kwa macho ya watu wote kwamba sasa hivi ni zima."

Modestus akatabasamu. "Afunge. Afunge na kanga yake pia, gari lipendeze."

"Balbu haina madhara," Dunstan akasema. "Funga, mama."

Nikafunga waya mmoja kwenye kichwa cha ule waya mkubwa wa betri, mwingine kwenye chuma cha bodi, balbu nikaitundika kwenye boneti. Nikaomba injini ikanyagwe kidogo. Balbu ikang'aa, si njano ile ya Ruangwa. Iling'aa vizuri.

"Mnaona wote?" nikauliza.

"Tunaona," Shaban akasema.

Hapo sasa niwaambie ukweli wangu, maana sitaki kujipaka mafuta. Ningeweza kusema, jamani, asiuchomoe waya. Nilishasema mara moja nikaulizwa ugali. Nilijua akiuchomoa, alteneta ya mwisho inakufa, na visima vya Kilimarondo vinalala tena. Na nilijua asipouchomoa siku ile atauchomoa siku nyingine, na ikija kufa barabarani mume wangu anakwenda na maji.

Nikanyamaza. Niliiacha ife.

Modestus akainua spana. "Na sasa, kwa faida ya waliosomea pumbani."

Akalegeza. Akanyanyua waya.

Ile balbu ikawa nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho, halafu ikasema tap. Ikapasuka. Injini ikakohoa, ikazimika.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Balbu ya kienyeji," Modestus akasema. Akarudisha waya haraka, akawasha. Gari likawaka, lakini ile taa nyekundu kwenye dashibodi ikabaki imekodoa. Akakanyaga mafuta. Imekodoa. Nikafunga balbu ya pili. Njano, ileile iliyochoka, akanyage asikanyage.

Dunstan akaangalia alteneta. Akamwangalia Mbaruku, amekaa juu ya debe hatua ishirini, mikono magotini.

"Dereva ameigusa saa ngapi?" Shaban akauliza.

Ningependa niseme yameishia hapo. Lakini mkuu mwoga akikosa wa kumkabidhi, anatafuta mwingine. Dunstan akageuka.

"Basi mhujumu ni wewe, Modestus. Umeua tatu. Afande, mchukue huyu."

Mtu yule alibadilika rangi. Ovaroli yote ikamlegea. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulicheza ngoma. Nikasema moyoni, nenda, kachomoe waya huko.

Mbaruku akainuka kwenye debe.

"Ndugu Mkuu, naomba niseme. Huyu hakuhujumu. Hakujua. Hicho kipimo ni cha magari ya dainamo, mafundi wote wa zamani wanakijua. Hata mimi nimewahi kumshikia mtu waya hivyohivyo. Kutojua si hujuma. Kama ni hujuma, sote tutakwenda."

Nilitamani nimrushie sufuria.

Askari Shaban akamwuliza mara mbili, "Una uhakika? Huyu alitaka ufungwe wewe."

"Nina uhakika."

Shaban akafunga daftari lake, akaomba chai, akanywa, akaenda zake.

Na Modestus, aliyeokolewa, alimsogelea mume wangu. Nikadhani anakuja kumpa mkono.

"Nani alikutuma unitetee?" akasema. "Mimi ni wa kutetewa na usukani?"

Akachukua cheti chake, akakifuta.

Siku tatu baadaye Dunstan alimtuma Ruangwa kwa basi, na alteneta zote tatu zilizokufa ndani ya gunia, azipeleke kwa mzee Ladislaus aone kama kuna kinachofaa. Mbaruku alitumwa amsindikize. Nami nikaenda, kumwona mtoto wa Fatu, lakini hasa nilikwenda kuona aibu. Niliitamani.

Pale mashineni kulikuwa na foleni ya akina mama na ndoo zao. Modestus akasimama mlangoni na gunia, uso umekunjamana, anasubiri kuchekwa.

Mzee Ladislaus akazima mashine. Akafuta kiti chake kwa mkono, akamsogezea. Halafu akawaambia wale akina mama, "Mnisamehe kidogo. Huyu ni fundi mkuu wa mradi, kaja kunisaidia kazi."

Kunisaidia.

Nilikwenda kuona aibu, nikaiona inafunikwa shuka mbele ya macho yangu.

Alifungua zile alteneta tatu. Kila moja ilikuwa imeungua mahali pake, na penye kuungua hapa, kule palikuwa pazima. Akatoa hiki, akaweka kile, akalehemu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Adhuhuri kulikuwa na alteneta moja nzima. Modestus alishika koleo. Hakuuliza swali hata moja. Maarifa yote yale yalikuwa wazi mezani, bure, yeye anaangalia saa.

Landrova ikatembea. Kisima cha kwanza Kilimarondo kikatoa maji kabla ya mvua.

Mwezi uliofuata Modestus akapata barua ya pongezi kutoka makao makuu ya mradi, kwa kubuni njia ya kuunda alteneta moja kutokana na mbovu tatu katika wakati wa uhaba wa vipuri. Akaiwekea fremu. Baadaye akapandishwa cheo, akahamishiwa kituo kikubwa zaidi.

Nilichemka. Tulipopita Ruangwa nikamwambia mzee Ladislaus habari yote, nikitarajia achemke na mimi.

Akauliza, "Gari linawaka?"

"Linawaka."

"Basi." Akatuma mihogo.

Nikadhani hadithi imekwisha. Lakini mwaka 1985 akapita dereva mgeni kwenye karakana yetu, nikampa chai. Akamlalamikia Mbaruku kwamba kwao magari yana mkosi. Alteneta zinakufa, wanafunga mpya, zinakufa. Madereva wawili wameshasimamishwa kazi. Bahati nzuri, akasema, wana fundi bingwa, ana vyeti viwili vya ukutani, na kila akimaliza kufunga anawaita watu wote waone elimu.

Mbaruku akaweka kikombe chini. Akaomba karatasi. Akamchorea yule dereva balbu na waya mbili, na mimi nikamwandikia chini yake, kwa mwandiko wangu wa ukubwani: waya wa betri usichomolewe injini ikiwaka.

Yule dereva aliikunja karatasi akaiweka ndani ya soksi. Akaniita dada, akaondoka.

Wajukuu zangu, na nyinyi msio wajukuu zangu mnaosoma, sitawadanganya kwamba mwenye dharau ataanguka. Wengi hawaanguki, wanapandishwa. Balbu inapasuka mbele ya macho yao, wanailaumu balbu.

Lakini mwangalieni vizuri mtu wa namna hiyo kabla hamjampigia makofi. Kila anapopita anaacha vitu vimeungua na watu wasio na kosa wamesimamishwa kazi, na hajui, wala hatajua kamwe, kwa sababu wa kumwambia ni mpika chai.